Faharasa: kidahizo ni cha anayetafuta

Anayefungua mwongozo wa programu ya kompyuta kwa kawaida amekwama. Hana nia ya kuusoma wote. Anataka jibu moja arudi kazini. Huenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho, penye maneno yaliyopangwa kialfabeti na namba za kurasa. Orodha hiyo ndiyo faharasa, na kila neno linaloorodheshwa humo ni kidahizo.

Neno limetufikia kutoka Kiarabu, fihris, nacho Kiarabu kililipata kwa Waajemi. Ibn al-Nadim wa Baghdad alilitumia katika jina la kitabu chake, al-Fihrist, cha mwaka 987, alimoorodhesha vitabu vya Kiarabu vilivyojulikana zama zake. Kwetu lina sura mbili, faharasa na fahirisi. Wachumi wameishika ya pili, wanaposema fahirisi ya bei. Tuwaachie hiyo, na faharasa ibaki ya kitabu. Lakini vitabu vingi vya fasihi huita faharasa ile orodha ya maneno magumu na maana zake, ilhali orodha hiyo ina jina lake: sherehe. Yaliyomo nayo, kule mbele, hufuata mpango wa mwandishi. Faharasa hufuata akili ya anayetafuta, na hilo ndilo linaloamua kipi kiingie.

Chukua LibreOffice Writer, programu ya kuandikia. Mwanafunzi anaandika tasnifu, anataka namba za kurasa zianze baada ya jalada na shukrani. Katika Writer hilo hufanyika kwa kuingiza mkato wa ukurasa, kuchagua mtindo mwingine wa ukurasa, kisha kutaja namba ya kuanzia. Mwandishi wa mwongozo, kwa kuwa anaijua programu, ataweka kidahizo kimoja: "mtindo wa ukurasa". Mwanafunzi hajawahi kusikia kwamba kuna kitu kama hicho. Atatafuta "namba ya ukurasa", asiione, na maelezo yale, hata yawe mazuri namna gani, kwake hayapo.

Basi kila kazi iingie kwa jina analolijua mtumiaji. Ujumbe wa hitilafu uingie kwa maneno yaleyale yanayotokea kwenye skrini. Alama pia zisiachwe: Kernighan na Ritchie, katika toleo la pili la kitabu chao cha lugha ya C, 1988, waliziorodhesha kwenye faharasa pamoja na majina yake, kwa sababu anayeshangaa maana ya && hana neno la kutafutia. Na Donald Knuth, katika faharasa ya mwongozo wake The TeXbook wa 1984, alipigia mstari namba ya ukurasa ambao jambo limeelezwa hasa, ili msomaji asipoteze muda kwenye kurasa lilikotajwa tu.

Kutajwa kwa kupita hakustahili kidahizo. Neno "faili" limo karibu kila ukurasa, na kompyuta inaweza kukutolea kurasa zote hizo mara moja, lakini haijui upi una msaada. "Faili" lenye namba thelathini nyuma yake linamrudisha msomaji alikoanzia. Mpe "futa faili", "rejesha faili lililofutwa", kila kimoja na ukurasa wake.

Kiswahili kina ugumu wake. Ukiandika kufuta, kuhifadhi, kunakili, kuchapa, nusu ya faharasa itarundikana kwenye K. Kamusi zetu zimeshautatua: kitenzi kiingie bila ku-, na nomino iingie kwa umoja, vitufe vikatafutwe kwenye kitufe.

Kisha kuna visawe, na hapa nina msimamo mkali. Wahariri wengine hukataa "sevu" na "printi" kwa kuwa si sanifu. Ndani ya maelezo, sawa, andika hifadhi na chapa. Lakini anayesema sevu ndiye huyohuyo aliyekwama, na faharasa haikuwekwa pale kumsahihisha. Nenosiri, nywila na paswedi ziingie zote tatu; tarakilishi ikae pamoja na kompyuta, kama mwongozo utasomwa Nairobi na Dodoma. Na pale ambapo kidahizo kina ukurasa mmoja au miwili tu, usiandike "sevu: tazama hifadhi". Rudia namba yenyewe palepale, mtu asipekue mara mbili.