Kichaka cha Susu

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Masii mwezi wa kumi na moja. "Tunafyeka kile kichaka cha chini kwa susu. Watu wa fensi wanakuja Jumatatu." Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye matatu ya Machakos.

Kichaka chenyewe ukikiona utacheka. Ni kama robo ekari hivi, kati ya mtaro wa mwisho na korongo, miiba na mawe matupu. Lakini hapo ndipo nilipoanza kupenda vipepeo. Nilikuwa na miaka minane, nimetumwa kuni, nikakuta weupe wenye mishipa ya kahawia wakipita kwa mamia, wote upande mmoja, kama watu wanaotoka kanisani. Nilisahau kuni. Susu alinigombeza, halafu akaja kutazama mwenyewe.

Nilipokua nilijua jina lao la kitaalamu, *Belenois aurota*, na kwamba mvua ikinyesha vizuri nyikani huzaana sana kisha huhama. Nilijua pia kwamba kiwavi wao hali kila jani. Anataka vichaka fulani vya nyika, vile vile tunavyoviita takataka. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, *Danaus chrysippus*, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na wakulima huing'oa kwanza. Ukifyeka mmea, umemfyeka kipepeo, hata kama hujamgusa.

Sasa, kumwambia Mkamba asifyeke si jambo dogo, na sababu iko kwenye historia.

Ukishuka City Market pale Nairobi, uko Muindi Mbingu Street. Wengi wetu tunapita hapo bila kujiuliza huyu alikuwa nani. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba ardhi ya Machakos inakufa: udongo unasombwa, makorongo yanapanuka. Haikusema sana kuhusu mashamba ya walowezi yaliyokuwa yamewabana Wakamba kwenye vilima. Ilisema ng'ombe ni wengi mno. Mwaka 1938 ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Mamia kwa mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, wakaenda Nairobi na kukaa huko kwa wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, serikali ilirudi nyuma kuhusu kuuza ng'ombe kwa lazima.

Kwa hiyo nyumbani kwetu neno "uhifadhi" lina harufu ya ng'ombe aliyechukuliwa. Mtu wa mjini akija kusema "hifadhini", wazee wanauliza: safari hii mnataka kuchukua nini?

Na ardhi haikufa. Watu wa Machakos walichimba mitaro, mwanzoni kwa kulazimishwa, baadaye kwa hiari, hasa wanawake kwenye vikundi vya mwethya. Mtaro wa fanya juu, unaochimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu, ulijulikana mpaka wataalamu wa nje wakaliacha jina hilo la Kiswahili lilivyo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioshangaza wengi: watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti imeongezeka.

Najivunia hadithi hiyo. Susu aliichimba kwa mikono yake. Ila miti iliyoongezeka ni ile ya faida: mwembe, mgrevilia, mkaratusi. Kichaka cha nyika hakina mtu wa kukitetea, kwa sababu hakiuziki.

Au kinauzika? Kule Gede, Pwani, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ukianzishwa na mwanazoolojia Ian Gordon. Wanakijiji wengi walikuwa wanatamani msitu ukatwe wapate mashamba. Mradi ukawafundisha kukamata vipepeo wachache msituni, kufuga viwavi nyumbani na kuuza pupa kwa mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani. Msitu ukaanza kulipa karo. Hakuna aliyenyang'anywa kitu, na hapo ndipo tofauti na 1938.

Hayo yote nilimwambia kaka, tumekaa kwenye mawe juu ya korongo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Na huyu kipepeo wako atanilipia fensi? Wewe unakuja Krismasi. Mimi ndiye mbuzi wangu wanaanguka humo."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa na haki. Nilikuwa nimefanya kama yule afisa wa 1938: nimekuja na elimu, mzigo nimemwachia mwenye shamba.

Tukapima kwa hatua. Fensi ikasogezwa juu, kwenye ukingo wa mtaro, mbuzi wasifike korongoni. Waya wa ziada nililipa mimi. Upande wa mashariki alifyeka apande nyasi za mifugo. Kilichobaki hakizidi nusu ya kichaka cha susu.

Mvua za Aprili ziliponyesha alinitumia video fupi, bila maneno. Weupe wanapita juu ya fensi mpya, wote upande mmoja. Nyuma ya kamera nasikia sauti yake ikimwambia mwanawe: "Wacha kuni kwanza. Kuja uone."