Weupe wa Chokaa na Weupe wa Mchanga Mweusi

Mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipofika Malindi, mmoja wa waliokuwamo aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba nyumba za mji ule zilikuwa za kwenda juu, zenye madirisha mengi, na zimepakwa chokaa vizuri. Ustadi aliouona ulikuwa tayari na karne kadhaa. Huko Kilwa, Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa mawe na chokaa katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331.

Weupe huo ulitoka baharini. Ili kuchoma matumbawe, magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, pakaachwa tundu katikati. Vipande vya matumbawe hurundikwa juu, na moto hutiwa kupitia tundu hilo. Joto la tanuri likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali, inayochoma ngozi na macho. Ikikutana na maji huchemka, huvimba na kusambaratika kuwa unga laini. Lamu walikuwa na subira zaidi: lundo liliachwa lipigwe na umande na mvua kwa miezi. Ikishapakwa ukutani, chokaa huanza kuvuta tena hewa ileile iliyoipoteza motoni, na polepole hurudi kuwa jiwe. Ukuta wa namna hiyo ni jiwe juu ya jiwe.

Kilele cha kazi hii kimo katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate za karne ya 18. Mwanga uliingia kutoka kiwanda, ua mdogo ulio wazi juu, ukapita msana, yaani ukumbi mrefu mwembamba, mmoja na wa pili hadi ukafika ndani, chumba cha mwisho kisicho na dirisha. Hapo ndipo ukuta ulipojazwa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya kuwekea sahani na bakuli za kauri kutoka China, na kingo zake zikachongwa kwa kisu wakati plasta ingali mbichi. Fundi hakuwa na rangi nyingine yoyote, kwa hiyo alichora kwa kivuli: pale kisu kilipoingia pana giza kidogo, pale kilipoacha panang'aa. Sijui kazi nyingine ya weupe katika Afrika Mashariki inayoifikia hiyo.

Wachoraji wa Ulaya walishika njia nyingine. Tangu enzi za Wagiriki na Warumi, weupe wao ulitokana na madini ya risasi. Vipande vya risasi viliwekwa vyunguni juu ya siki hadi vikaota ukoko mweupe, ukakwanguliwa na kusagwa. Baadaye Waholanzi walivizika vyungu hivyo katika samadi ya farasi ili joto lake liharakishe kazi. Rangi ilikuwa nzuri na ilifunika vyema, lakini iliwaua walioitengeneza na kuipaka: tumbo lilisokota, viganja vikapooza. Weupe wa zinki, ulioanza kuuzwa London mwaka 1834 kama rangi ya maji, haukuwa na sumu hiyo, ila ulifunika kwa udhaifu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Wakati huo Norway na Marekani zilikuwa zimeanza kutengeneza weupe wa titani, ambao leo umo karibu katika kila kopo la rangi nyeupe.

Na weupe huu nao umechotwa pwani yetu. Kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024, mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, kusini mwa Mombasa, ukapakiwa melini Likoni. Sehemu yake kubwa ni ilmenaiti, mchanga mweusi; viwandani hutolewa chuma chake kwa kemikali kali hadi ibaki oksidi nyeupe kabisa.

Rangi hiyo haina kosa juu ya tofali la saruji. Kosa ni kuipaka, ikiwa imechanganywa na plastiki, juu ya ukuta wa matumbawe. Ukuta wa kale hunyonya unyevu wa ardhi na wa bahari, kisha huutoa kupitia chokaa. Utando wa plastiki huufungia ndani, na plasta ya saruji hufanya vibaya zaidi. Chumvi hujikusanya nyuma yake, uso huvimba, kisha hubanduka na jiwe lake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kuta za miji yote miwili zilijengwa kwa chokaa.

Hakuna haja ya kuvunja miamba hai ili kuipata chokaa hiyo, kwa kuwa mawe ya matumbawe ya kale yamejaa nchi kavu. Mwenye nyumba ya mawe, kabla hujanunua kopo la rangi, mtafute kwanza mwashi anayejua chokaa.