Video ya Rwampara: picha iliyomtia hatiani Thomas Lubanga

Tarehe 12 Februari 2003, Thomas Lubanga Dyilo alikwenda kwenye kambi ya mafunzo ya Rwampara, nje kidogo ya mji wa Bunia katika eneo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa amevaa sare za kijeshi. Makuruta walipangwa mbele yake, Bosco Ntaganda akiwa miongoni mwa makamanda waliofuatana naye. Lubanga, rais wa chama cha UPC, aliwahimiza vijana wamalize mafunzo, akiwaambia kwamba baada ya hapo watapewa silaha na kwenda kulinda raia. Haya yote yalirekodiwa na kamera ya video, wala hayakurekodiwa kwa siri. Ilikuwa ziara ya mkubwa, na wakubwa hupenda ziara zao zionekane.

Miaka tisa baadaye, majaji watatu mjini The Hague waliitazama picha ileile na kuona jambo jingine. Waliwatazama wasikilizaji.

Lubanga alizaliwa mwaka 1960 huko Jiba, katika eneo la Djugu, akasomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Aliingia siasani wakati Ituri inawaka. Tangu 1999, ugomvi wa ardhi kati ya Wahema na Walendu wa Djugu ulikuwa umegeuka vita, nao maofisa wa jeshi la Uganda, waliokuwa wameikalia Ituri, waliuchochea. Jenerali James Kazini aliitangaza Ituri kuwa jimbo na kumteua Adèle Lotsove, Mhema, kuwa gavana. Walendu wakaamini kwamba wageni wamechagua upande. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, hadi 2003 watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa.

Kwanza Lubanga alikuwa kamishna wa ulinzi katika kundi la waasi la RCD-ML la Mbusa Nyamwisi. Walipokosana, alikuwa tayari na hoja ya kuwapelekea watu: Ituri itawaliwe na wana wa Ituri, si na watu wa Beni, Kampala wala Kinshasa. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na nguvu yake ilitoka hapo. Wenyeji walikuwa wamechoka kuona dhahabu ya Mongbwalu ikichukuliwa na wenye bunduki kutoka kwingine. Lakini katika vinywa vya wafuasi wake, wana wa Ituri walizidi kupungua. Agosti 2002 UPC ilipomng'oa gavana Molondo Lompondo na kuiteka Bunia, Walendu, Wanande na wengine walioitwa wakuja waliwindwa mitaani na kukimbia. Septemba, chama kikaongeza maneno "Maridhiano na Amani" kwenye jina lake, na miezi miwili baadaye wapiganaji wake wakaivamia Mongbwalu.

Jeshi la UPC, lililoitwa FPLC, lilihitaji watu. Familia za Wahema zilitakiwa zichangie: ng'ombe, fedha au mtoto. Wengine walitoa kwa hofu ya kushambuliwa, wengine kwa kumwamini kiongozi, na watoto wengine walikamatwa tu njiani. Hao ndio kadogo, yaani askari watoto, ambao Bunia iliwazoea wakilinda vizuizi vya barabarani na kukimbia nyuma ya magari ya wakubwa.

Utawala huo haukudumu. Machi 2003 Waganda, waliokuwa wameisaidia UPC kuingia mjini, waliifukuza. Mei walipoondoka wenyewe, Bunia ikawa uwanja wa mauaji kati ya wanamgambo wa Kilendu na UPC, hadi kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilipofika Juni na kuutangaza kuwa mji usio na silaha zinazoonekana. Lubanga akahamia Kinshasa kama mwanasiasa. Machi 2005, baada ya walinda amani tisa wa Bangladesh kuuawa Ituri, serikali ilimkamata. Tarehe 17 Machi 2006 alipelekwa The Hague, mtuhumiwa wa kwanza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC).

Kesi ilifunguliwa Januari 2009 na nusura imponyoke mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo. Shahidi wa kwanza, kijana aliyedai kuwa kadogo, aliikana hadithi yake siku hiyohiyo aliyopanda kizimbani. Baadaye majaji waliweka kando ushahidi wa wengi wa waliojitambulisha kuwa askari watoto, kwa sababu baadhi ya watu wa kati waliotumiwa kuwatafuta huenda waliwafundisha uongo. Upande wa utetezi ulisema pia kwamba tangu Oktoba 2002 Lubanga alikuwa ameagiza watoto waondolewe jeshini.

Maagizo hayo yalikuwa na tarehe, na video pia ilikuwa na tarehe. Februari 2003, miezi kadhaa baada ya agizo analolitaja, anaonekana akiwahimiza makuruta ambao, kwa maneno ya majaji, baadhi yao ni wazi walikuwa chini ya miaka 15. Picha nyingine zilionyesha watoto kati ya walinzi wake. Shahidi anaweza kubadili maneno, mkanda haubadiliki. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na ICC, na Julai akahukumiwa miaka 14.

Lakini mkanda huonyesha kilichoingia ndani ya fremu tu, na mashtaka nayo yalikuwa na fremu yake: watoto waliotumikishwa jeshini, basi. Mauaji, ubakaji na vijiji vilivyochomwa havikuwemo katika kesi hii. Hivyo hukumu haikuuridhisha upande wowote. Kwa Wahema wengi, Lubanga aliadhibiwa kwa kuwalinda watu wake. Kwa Walendu, aliadhibiwa kwa kosa dogo na makubwa yakasamehewa. Hata fidia ya dola milioni 10 iliyoamriwa Desemba 2017 ni ya waliokuwa kadogo na familia zao, ambao wengi ni wa jamii yake mwenyewe. Waliopigwa na kadogo hao hawamo.

Alimaliza kifungo Machi 2020, akiwa gereza la Makala, Kinshasa. Rais Félix Tshisekedi akamtumia kuzungumza na wanamgambo wa CODECO, ambao mwaka 2022 walimteka yeye na wenzake kwa takriban miezi miwili. Mwaka 2025, akiwa Uganda, alitangaza kundi jipya liitwalo Convention pour la révolution populaire. Hoja ni ileile: serikali imeshindwa kuilinda Ituri. Na kwa bahati mbaya, mtu wa Djugu aliyezika ndugu zake chini ya utawala wa kijeshi uliowekwa mwaka 2021 hawezi kuipuuza.

Ndiyo maana hukumu ya The Hague haikutosha kummaliza kisiasa. Ilithibitisha alichofanya, lakini sababu ya watu kumfuata, yaani ardhi isiyogawanywa kwa haki na raia wasiolindwa na serikali yao, iliachwa palepale. Kinshasa ikishindwa kulijibu hilo, Ituri haitakosa kiongozi mwingine wa kupanda jukwaani, wala watoto wa kupangwa mbele yake.