Rafadha Kuvuta Hewa na Rafadha Kuchemsha Maji

Kila aliyewahi kushika mkono wa mashine ya boti anaijua kelele hii. Mishipi imetupwa nyuma kutafuta nguru, upepo wa kusi umeshakaza, na nahodha anakata kona kali kulikwepa wimbi. Ghafla mashine inalia kwa sauti ya juu, mizunguko inapanda, lakini boti linazidi kupoteza mwendo. Nguvu ipo, mwendo hakuna. Mafuta yakipunguzwa kidogo, rafadha inashika maji tena na safari inaendelea.

Msomaji wa vitabu vya Kiingereza vya mashine hizi atakwambia kwamba hiyo ni kavitesheni. Atakuwa amekosea, ingawa hayuko peke yake: katika maduka ya vipuri na hata miongoni mwa mafundi wazoefu wa Ulaya na Marekani, jina hilo limebebeshwa matatizo mawili yasiyo na undugu wa karibu. Kilichotokea kwenye kona ile ni rafadha kuvuta hewa. Kavitesheni yenyewe ina chanzo chake, alama zake na dawa yake. Kwa kuwa Kiswahili ndiyo kwanza kinajenga msamiati wa mashine za nje, yaani zile zinazotundikwa tezini, hakuna sababu ya kuingiza mkanganyiko huo nyumbani kwetu. Makala haya yanaeleza mambo hayo mawili na kupendekeza jina kwa kila moja.

Tuanze na rafadha yenyewe, ile ambayo wengi ufukweni huiita propela. Ikizunguka, kila bawa lake hufanya kazi kwa pande mbili. Upande unaotazama nyuma husukuma maji. Upande unaotazama omo huyavuta. Kwa hiyo upande wa nyuma una kanieneo kubwa na upande wa mbele una kanieneo ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayolipeleka boti. Sharti lake ni moja: mabawa yazungukwe na maji mazito, yasiyo na uwazi ndani yake. Uwazi ukitokea, bawa linakosa cha kushika. Swali linalofuata ndilo linalotenganisha istilahi zetu mbili: uwazi huo umejaa nini, na umetoka wapi?

Jibu la kwanza ni hewa. Upande wa bawa wenye kanieneo ndogo uko tayari kupokea chochote kilicho karibu, na rafadha ya boti dogo haiko mbali na uso wa bahari. Njia ikipatikana, hewa hushuka na kuyafunika mabawa. Njia nyingine ni moshi. Katika mashine nyingi za kisasa moshi hutolewa katikati ya kitovu cha rafadha, na ukingo wa nyuma wa kitovu hicho umepanuliwa kidogo ili moshi uende zake nyuma. Ukingo huo ukimeguka, moshi hurudi kwenye mabawa na matokeo ni yale yale.

Sababu za kuvuta hewa nyingi ni za ufungaji na uendeshaji. Mashine imefungwa juu mno. Au imeinamishwa kupita kiasi hata rafadha ikaelekea usoni mwa maji. Au kona imekatwa kwa kasi kubwa. Au wimbi la nyuma limenyanyua tezi. Wapo pia wanaonunua mashine bila kupima boti. Mashine ya mguu mfupi hutengenezwa kwa boti ambalo kimo cha ubao wa tezi ni inchi 15 hivi, sawa na sentimeta 38. Ya mguu mrefu ni ya inchi 20, yaani sentimeta 51. Ukiitundika ya mguu mfupi kwenye tezi ndefu, itavuta hewa siku zote na hakuna fundi wa injini atakayeiponya. Mvuvi wa kujiburudisha ana kishawishi chake: hununua kifaa cha kuonyesha samaki, kisha akakifunga kipande chake cha chini ya maji mbele kabisa ya rafadha. Kipande hicho huyapasua maji na kuyachanganya na hewa kabla hayajafika kwenye mabawa. Vigamba vilivyoota chini ya boti hufanya vivyo hivyo.

Ndiyo maana juu ya rafadha pana bamba la mlalo, limeungana na mguu wa mashine. Kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isishuke. Kanuni ya kawaida ni kwamba bamba hilo liwe usawa mmoja na sehemu ya chini kabisa ya boti pale tezini, au juu yake kwa sentimeta mbili tatu. Kwa Kiingereza cha mitaani bamba hili limepewa jina la kavitesheni, jambo ambalo bamba hili haliwezi kulizuia hata kidogo. Sisi tuliite bamba la kuzuia hewa.

Jibu la pili ni mvuke, nao hautoki juu: hutoka katika maji yenyewe. Hapa fizikia ya darasani inasaidia. Tumezoea kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za sentigredi, lakini hilo ni kweli kwa kanieneo ya usawa wa bahari tu. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka katika takriban nyuzi 80, kwa sababu hewa ya huko hukandamiza kidogo. Endelea kupunguza kanieneo na maji yatachemka katika joto dogo zaidi. Bahari yenye joto la nyuzi 28 itachemka bila moto wowote ikiwa kanieneo itashuka hadi karibu asilimia 4 ya ile ya kawaida. Juu ya bawa linalokata maji kwa kasi kubwa, hasa penye ukingo uliopinda au uliomeguka, kanieneo huweza kushuka hadi huko. Maji huchemka yakiwa baridi, na vipovu vya mvuke huzaliwa.

Vipovu hivyo havidumu. Maji huvisogeza mpaka sehemu ya bawa yenye kanieneo kubwa, na hapo mvuke hurudi kuwa maji mara moja. Kipovu kinaporomoka, maji ya pande zote yanakimbilia katikati, na kishindo kinachotokea ni kidogo kwa ukubwa lakini kikali mno kwa nguvu. Mwaka 1917 mwanafizikia wa Uingereza Lord Rayleigh alikokotoa kanieneo inayozaliwa kipovu kinapoporomoka na kuonyesha kwamba inatosha kuumiza chuma. Kishindo kimoja si kitu. Maelfu kwa maelfu, saa baada ya saa, huchubua rangi, kisha hutoboa vishimo, na mwishowe bawa huonekana limetafunwa.

Tatizo hili lilijulikana kwa gharama kubwa kabla mashine ya nje haijaenea. Mnamo 1894 manowari ndogo ya Uingereza, HMS Daring, iliyoundwa na kiwanda cha Thornycroft, ilishindwa kufikia mwendo uliotarajiwa mpaka rafadha zake zilipobadilishwa na kupewa mabawa mapana zaidi. Wakati huo huo Charles Parsons alikuwa akihangaika na Turbinia, chombo cha kwanza duniani kuendeshwa kwa turbini ya mvuke. Mashine yake ilikuwa na nguvu tele, lakini rafadha moja iliyozunguka kwa kasi kubwa haikuweza kukipitisha noti 20 hivi. Parsons alijenga tangi dogo lenye dirisha ili aitazame rafadha ikifanya kazi, akaona maji yakipasuka kuwa mvuke. Dawa aliyoipata ni kugawanya mzigo: mihimili mitatu, kila mmoja na rafadha tatu. Mwaka 1897, mbele ya manowari zilizokusanyika Spithead kwa jubilei ya Malkia Victoria, Turbinia ilipita kwa zaidi ya noti 34, kama kilomita 63 kwa saa, na hapakuwa na chombo cha jeshi kilichoweza kuifikia.

Kwa boti la futi 20 lenye mashine ya nje, hadithi ni ndogo zaidi ila kanuni ni hiyo hiyo. Mara nyingi chanzo ni jeraha. Rafadha imegusa mwamba wakati wa maji kupwa, ukingo wa bawa ukapata pengo la ukubwa wa ukucha, na mwenye boti akaona si neno. Pengo hilo huvuruga maji, na nyuma yake mchemko huanza. Chanzo kingine ni rafadha isiyolingana na mzigo: mabawa membamba mno, au yenye mlalo mkali mno kwa boti zito, yakilazimishwa kuondoka kwa nguvu zote.

Sasa tuje kwenye majina. Kwa tatizo la kwanza, Kiswahili hakihitaji kubuni. Mafundi wa pampu husema pampu imevuta hewa, na maana yao ni hii hii: kifaa cha kusukuma maji kimepata hewa badala yake. Basi rafadha nayo huvuta hewa, na nomino yake ni uvutaji hewa wa rafadha. Mtu anaweza kulalamika kwamba binadamu pia huvuta hewa, na wengine huvuta sigara. Neno rafadha likitajwa, shaka hiyo inakwisha. Nilifikiria pia unyonyaji hewa, lakini kwa Mtanzania aliyelelewa na Azimio la Arusha neno unyonyaji lina mzigo mwingine, na sidhani kama rafadha imefikia kiwango hicho cha ubaya.

Kwa tatizo la pili kazi ni ngumu kidogo. Njia ya kwanza ni kutohoa: kavitesheni. Faida yake ni kwamba mhandisi atakayesoma kitabu cha kigeni atalitambua mara moja. Hasara yake ni kwamba halimwambii nahodha chochote, na ndilo lililokwisha kuchafuliwa na matumizi mabaya. Njia ya pili ni kufuata asili ya neno, ambayo ni uwazi au shimo, na kusema uvungu wa rafadha. Lakini uvungu kwetu ni nafasi iliyotulia chini ya kitu, mathalani kitanda. Hauna kuzaliwa wala kuporomoka ndani yake. Tena hauelezi kilichomo, na tumeona kwamba kilichomo ndicho kiini cha tofauti. Njia ya tatu ni kusema mapovu. Hilo ni hatari kuliko yote, kwa kuwa boti zima huacha mapovu nyuma yake hata mambo yakiwa shwari.

Napendekeza mchemko baridi. Maneno yote mawili ni ya kila siku, na kugongana kwake kunamlazimisha msikilizaji kuuliza: maji yanachemkaje yakiwa baridi? Jibu la swali hilo ndilo maelezo yote ya kisayansi. Istilahi hii pia husafiri vizuri. Pampu ya kisima hupata mchemko baridi mdomo wake wa kuingizia maji ukiziba. Turbini za umeme wa maji hutafunwa na mchemko baridi. Vitabu vya uhandisi viendelee kuandika kavitesheni kando yake, lakini mafunzo ya manahodha na mafundi yaanze na mchemko baridi.

Faida ya kutenganisha majina inaonekana pale mambo yanapoharibika. Rafadha ikivuta hewa, mlio hupanda ghafla na kushuka ghafla, mara nyingi kwenye kona au juu ya wimbi. Hewa haitafuni chuma, kwa hiyo mabawa hubaki safi. Dawa iko mkononi mwa nahodha: punguza mafuta, nyoosha usukani, na kama mashine imeinuliwa kupita kiasi, ishushe kidogo kidogo. Asipopunguza kwa kudhani kelele ni ya kawaida, mashine itazunguka kupita kiwango chake. Zaidi ya hapo, matundu ya kuingizia maji ya kupozea yako kwenye mguu huo huo. Yakimeza hewa, mpira wa pampu huungua na injini hupata joto. Angalia kama maji ya kupozea bado yanachuruzika.

Mchemko baridi hauna haraka hiyo. Boti linatetemeka kwa kasi fulani, mwendo wa juu umepungua, na rafadha ikitolewa huonekana imechubuka rangi mahali pamoja, na vishimo vimeanza, kwa kawaida nyuma ya pengo au mpindo. Dawa iko kwa fundi: pengo dogo hulainishwa kwa tupa, bawa lililopinda hunyooshwa na kusawazishwa, na rafadha isiyofaa mzigo hubadilishwa.

Pana tatizo la tatu linalojifanya mojawapo ya haya, nalo ni mpira wa ndani ya kitovu kuachia. Mpira huo huunganisha rafadha na mhimili, na hukubali kuteleza ili gia zisivunjike rafadha ikigonga kitu. Ukichoka, huteleza kila ukiongeza mafuta. Kuutambua ni rahisi: chora mstari mmoja wa rangi kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje, nenda baharini, rudi utazame. Vipande vya mstari huo vikiwa vimeachana, usilaumu hewa wala mvuke.

Kwa wanaofundisha unahodha na ufundi wa mashine kwa Kiswahili, ombi ni hili: mwanafunzi apewe majina mawili tangu siku ya kwanza. Na kwa mwenye boti: kabla ya kulishusha majini, pitisha kidole kwenye ukingo wa kila bawa, tazama bamba la kuzuia hewa liko usawa gani, na ondoa mshipi uliojiviringisha nyuma ya rafadha, kwani ukikata mpira wa kuzuia oili, maji ya chumvi huingia kwenye gia. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.