Nali- na Kiima Kinachofuata Kitenzi

Msomaji wa Biblia ya Muungano katika makanisa ya Arusha na Meru hukutana na nalimngoja mwanzoni mwa Zaburi ya 40, na nalifurahi mwanzoni mwa ile ya 122. Umbo hilo lililetwa huku na kitabu, kwani si la Kirwa cha Wameru wala la Kimaa cha Waarusha. Tafsiri yenyewe ilikamilika mwaka 1952, wakati usemi wa kawaida ulikuwa umekwisha kuegemea nili-.

Asili yake inafahamika. Sarufi za karne ya 19, ikiwamo ya Edward Steere ya mwaka 1870 iliyohusu Kiunguja, zinaonyesha njeo iliyopita ambamo kiambishi cha nafsi kimeungana na -a-: nalipenda, twalipenda, mwalipenda. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu mmoja: walipenda lilimhusu wewe na pia wao. Naona utata huo ulichangia kuuondoa, ingawa haukuwa sababu pekee.

Kosa huanza pale ambapo muundo mwingine huhesabiwa kuwa wa kizamani kwa sababu tu umezoeleka katika matini hizohizo. Kitabu alichosoma mwalimu hugeuzwa na wahariri kuwa kitabu ambacho mwalimu alisoma, kana kwamba kiima kukaa nyuma ya kitenzi ni masalia. Sivyo. E. O. Ashton aliueleza muundo huo mwaka 1944 kama kanuni ya kawaida, na hadi leo mtoto wa Arusha husema chakula alichopika mama bila kufundishwa. Wala tusiuhusishe na Kimaa, ambacho hutanguliza kitenzi hata katika sentensi kuu na kutofautisha kiima na yambwa kwa toni. Kiswahili hufanya hivyo hasa kirejeshi kinapokuwa ndani ya kitenzi. Kifaransa nacho huruhusu kishazi rejeshi cha aina hiyo, le livre qu'a lu le maître, na hakuna anayekiita cha kale kwa sababu hiyo.

Amba- ina kazi yake halali. Mtoto aliyemwona mwalimu aweza kuwa aliyeona au aliyeonwa, maana nomino zote mbili ni za ngeli moja. Mtoto ambaye mwalimu alimwona humaliza shaka. Lakini katika alichosoma, a- ni ya mwalimu na -cho- ni ya kitabu. Hapo mhariri hana cha kusahihisha.