Krismasi ya Gerezani



Krismasi ikikaribia humkumbuka Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyempinga Hitler. Alikamatwa Aprili 1943, akala Krismasi mbili gerezani Berlin. Tarehe 19 Desemba 1944, kifo kikimkaribia, alimwandikia mchumba wake kwamba hajajisikia mpweke wala kuachwa. Ndani ya barua aliweka shairi la kuwafariji wazazi na ndugu zake: Mungu yupo nasi jioni na asubuhi. Tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa kule Flossenbürg. Shairi lile huimbwa makanisani Ujerumani kila mwisho wa mwaka.

Basi, mtakaokula Krismasi mbali na wenu, au bila pilau, msivunjike moyo. Amani ya Kristo haikuzuiwa na kufuli.

Krismasi njema!