Mashine za Kutobolea za Delta na Ubishi wa Kuziboresha

Miongoni mwa wakarabati wa mashine za kale nchini Marekani kuna ubishi usiokwisha kuhusu mashine za kutobolea za Delta za miaka ya 1930 na 1940, yaani zile zinazosimama juu ya nguzo ya chuma na ambazo keekee yake hushushwa kwenye kazi kwa kuvuta mpini. Kundi moja hutaka zirudishwe kama zilivyotoka kiwandani, mota na rangi zikiwemo, ilhali kundi la pili huona kwamba mashine isiyoboreshwa ni pambo tu, na historia inawaunga mkono hawa wa pili kuliko wenzao wanavyokubali.

Hatua za mwanzo zinajulikana. Wahunzi wa karne ya 19 walitoboa kwa mashine za ukutani zilizozungushwa kwa mkono; Stephen A. Morse wa Massachusetts alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya keekee ya msokoto mwaka 1863; na mwaka 1889 Arthur James Arnot na William Blanch Brain wa Melbourne walipata hataza ya keekee ya umeme.

Kilichobadili zaidi kazi ya fundi, hata hivyo, ni kibano, yaani kichwa kinachoishika keekee. Katika mashine nyingi za wahunzi keekee ilikazwa kwa skrubu moja ya pembeni, ambayo kichwa chake kilichochomoza kilizunguka pamoja na mhimili kikiwa tayari kunasa mkono wa shati, na vibano vingine vilihitaji spana, ambayo ilikuwa nyepesi kuteleza. Simulizi inayotajwa mara nyingi husema kwamba Arthur Irving Jacobs alianza kutafuta njia bora baada ya kujichubua vifundo vya vidole kwa spana ya aina hiyo. Alipata hataza mwaka 1902, kisha akaanzisha kampuni yake huko Hartford, Connecticut. Ndani ya kibano chake mna taya tatu zilizolala mshazari, nazo husogea kwa pamoja kuelekea katikati ufunguo wenye meno unapozungushwa, hivyo keekee hujiweka yenyewe kwenye kitovu cha mzunguko. Kibano hicho kiliweza kupachikwa kwenye mashine iliyotengenezwa kabla yake, kwa hiyo kifaa ambacho leo huhesabiwa kuwa cha asili kilianza kama nyongeza.

Kampuni ya Delta, iliyoanzishwa na Herbert Tautz huko Milwaukee mwaka 1919, ilijijengea jina kwa kuuza mashine ndogo kwa karakana za nyumbani. Kasi ya mashine hizo hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda kwenye puli za ngazi, na hapo ndipo ubishi ulipo. Keekee ya milimita 25, ikitoboa chuma laini kwa mwendo wa mita 30 kwa dakika kwenye ukingo wake, inahitaji takriban mizunguko 380 kwa dakika, ilhali ngazi ya chini kabisa ya nyingi kati ya mashine hizo huzidi kasi hiyo, na matokeo yake ni keekee kuungua ncha. Wanaoboresha huongeza puli ya kati, au hufunga mota ya fezi tatu yenye kifaa cha kielektroniki kinachobadili marudio ya umeme, na hivyo kupunguza kasi bila kugusa mkanda.



Kuliko kubadili mota, aibu kubwa zaidi ni mashine nzima kuuzwa kwa uzito kama chuma chakavu kwa sababu tu beringi zake zinapiga kelele, ingawa beringi hizo hupatikana madukani hadi leo. Kinachostahili kukatazwa ni kukata au kutoboa upya mwili wa chuma cha kalibu, kwa kuwa hilo halirekebishiki. Mota mpya hufunguliwa kwa boliti nne, na mradi ile ya zamani imehifadhiwa, mmiliki ajaye anaweza kuirudisha akipenda.